Kutoka i7 ya zamani kwenda i3 mpya: napanda au nashuka?

SaibaKisauni
Salaam aleikum wakuu. Nina kisaiba changu huku Kisauni, watu waja kupiga kopi, kuchapisha, kujaza fomu za serikali za eCitizen na za kodi za KRA. Usiku nikishafunga mlango, namkatia binamu yangu video za harusi. Mashine ninayoitegemea ni ya mtumba: prosesa (ubongo wa mashine) Core i7-2600, gigahezi 3.4, RAM GB 8, na hadi diski (hard disk, pa kuwekea faili) ileile iliyokuja nayo. Miaka sita imenitumikia bila kunivunjia adabu. Sasa imechoka. Mteja anipa flashi, naichomeka, twaanza kuangaliana mpaka maneno yatuishie.

Nikaenda mjini, duka moja upande wa Mwembe Tayari. Wakanitajia mashine mpya yenye Core i3-12100, gigahezi 3.3, elfu 46 bila skrini. Kumwambia shemeji yangu, alicheka hadi chai ikampalia. "Utoe elfu 46 utoke i7 uende i3? Na gigahezi zenyewe zimepungua? Huko ni kuvuliwa nyota begani, na sherehe ulipie mwenyewe."

Usingizi sijaupata. Huku viini (cores) vinne na nyuzi (threads) nane, kule viini vinne na nyuzi nane. Hizo elfu 46 zanunua nini hasa?

MtuWaTudor
Shemeji wako amesoma cheo, hakusoma namba. Hiyo i3, i5, i7 yapanga ndugu wa tumbo moja tu. Aliyeshika namba moja darasa la nne hamshindi wa mkia wa kidato cha nne kwa hesabu. Angalia tarakimu zinazofuata: 2600, ile 2 ni kizazi cha pili, imetoka Januari 2011. 12100 ni kizazi cha 12, Januari 2022. Kati yao kuna miaka 11.

Gigahezi nazo ni mapigo. 3.4 maana yake mapigo bilioni 3.4 kwa sekunde, basi. Kazi gani imefanyika katika kila pigo, hazikwambii. Hamali wawili pale Kongowea wanaweza kutembea mwendo mmoja, mmoja kabeba gunia moja na mwenziwe mawili. Hiyo i3 yabeba mawili: yasoma maagizo mengi zaidi kwa pigo moja, yakisia vizuri zaidi njia ambayo programu itafuata, na kashe yake, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ni MB 12 dhidi ya MB 8. Tena hiyo 3.3 ni mwendo wa chini. Ikihitaji yapanda hadi 4.3, yako mwisho wake ni 3.8. Kwa kazi ya uzi mmoja (si huu uzi wetu) iko karibu mara mbili ya yako. Nyuzi zote zikifanya kazi pamoja, ni zaidi ya mara mbili.

Na kama gigahezi ndiyo mizani, mwambie shemeji atafute Pentium 4 ya mwaka 2004. Ilifika 3.8. Aje tukimbie mbio.

KijanaWaBamburi
Nunua laptopu mambo yaishe.

FundiMakupa
Wewe wa laptopu, saiba haiendeshwi hivyo.

Mwenye uzi, kabla hujatoa hata shilingi, nijibu mawili. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone Task Manager, dirisha lionyeshalo nani anafanya kazi kiasi gani, wakati mteja amekaa hapo na mashine imeganda. Prosesa yasema asilimia ngapi, na diski yasema ngapi? La pili, hilo kasha mara ya mwisho ulilifungua lini?

Nauliza kwa sababu kwa siku naletewa mashine tatu nne zimesingiziwa prosesa. Hapa kwetu kuna vumbi, kuna joto la kaskazi, na kuna hewa ya chumvi inayokula kila kilicho cha chuma. Prosesa ikipata moto hujipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Wewe waona ni uzee, kumbe ni homa.

SaibaKisauni
Fundi, kulifungua? Sijawahi. Nitaangalia kesho asubuhi kabla ya wateja.

BiMahesabu
Samahani nikiingilia, mimi si fundi, naendesha ofisi ndogo ya hesabu huku Moi Avenue. Mwaka jana nilikuwa na swali kama lako. Sikununua mpya, nilichukua mtumba yenye i5-8500. Ni ya mwaka 2018, viini sita, na bei haikufika nusu ya hiyo yako. Kilichonisukuma si kasi. Windows 10 ilikatiwa usaidizi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel yaanzia kizazi cha nane, ukitoa vichache sana. i7-2600 yako haimo. Najua wako vijana watakaokuwekea kwa mlango wa nyuma, lakini mimi nashika karatasi za kodi za watu, na wewe pia kaka yangu unazishika. Lifikirie hilo.

MtuWaTudor
Dada amenena. Kwa kuchapisha na fomu, i5-8500 yatosha na kubaki.

MzeeKibokoni
Vijana, mwasahau stima. i7-2600 imeandikiwa wati 95, hiyo i3 wati 60, na siku hizi kuna kijiprosesa chaitwa N100, cha mwaka 2023, kimeandikiwa wati 6. Sita! Na kwa nguvu chakaribiana na hiyo i7 yake. Mimi ninacho, kimefungwa nyuma ya skrini, hata feni yake siisikii. Nilipima kwa plagi ya kupimia: mashine yangu ya zamani ikikaa tu bila kazi yala wati 50, hiki chala 10. Hesabu hizo wati 40 kwa saa 12, siku 26 za kazi. Ni yuniti 12 na ushei kila mwezi. Piga mara bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yako ya tokeni, halafu piga mara idadi ya mashine ulizonazo humo saibani.

FundiMakupa
Mzee wangu, shikamoo. Kwa mashine za wateja nakuunga mkono. Kwa video za harusi, N100 itamliza.

SaibaKisauni
Wakuu, nimerudi, na nina haya.

Diski: asilimia 100, muda wote. Prosesa: 14. Kumbe wakati mimi na mteja twaangaliana, i7 nayo yaiangalia hadi diski ikitafuta faili.

Kisha nikafungua kasha. Kati ya feni na yale mapezi ya chuma kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, kimeshikana, nimekibandua kizima kizima kwa vidole. Gundi nyeupe ya kupitisha joto, ya chini ya feni, imekauka, yapukutika kama chokaa ya ukuta. RAM moja meno yake yamefanya weusi, nikayasugua kwa raba ya penseli ya mtoto. Nikaweka gundi mpya. Jana ikirenda (ikitoa video iliyokwisha kukatwa) ilifika digrii 96 na mwendo ukashuka hadi gigahezi 1.6, nilipiga picha ya skrini. Leo, video ileile, digrii 71 na haijashuka chini ya 3.5.

Lakini video yenyewe bado yakwama. Binamu apiga kwa aifoni, nikiiweka kwenye programu ya kukatia picha zatembea kama bibi harusi anayeingia ukumbini.

MtuWaTudor
Hapo sasa ndipo uzee wa kweli. Aifoni hurekodi HEVC, namna mpya ya kubana video. Ndani ya prosesa yako mna sehemu ya kushughulikia video, lakini ni ya 2011, yaijua namna ya zamani, H.264, na haiijui HEVC. Kwa hiyo viini vyako vyafanya kwa mikono kazi ambayo kwa prosesa mpya ina mashine yake. i3-12100 yaifungua HEVC huku imekunja nne. VP9 na AV1, namna za kubana video za YouTube, pia.

Angalizo moja kubwa: soma jina mpaka herufi ya mwisho. Ikiwa ni i3-12100F, hiyo F maana yake haina sehemu ya picha kabisa. Bila kadi ya picha utawasha na skrini ibaki nyeusi. Bei yake huwa chini kidogo na ndipo watu hunaswa. Na usidanganywe utaipachika kwenye madabodi yako (ubao mkuu wa mashine): soketi yake, yaani tundu la prosesa, ina miguso 1155, mpya 1700. RAM yako ya DDR3, aina ya zamani, pia haitaingia.

SaibaKisauni
Nimeamua. Wiki hii SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya GB 240 kwa hii i7, ibaki kaunta ya kuchapisha tu, bila kuingia mtandaoni, Bi Mahesabu umeniogopesha vya kutosha. Kaunta ya fomu nitatafuta mtumba ya kizazi cha nane. Na i3 bila F mwezi ujao kwa video, binamu achangie nusu maana harusi ni zake. Shemeji nimemsomesha uzi wote. Amesema bado i7 ni i7.

KijanaWaBamburi
Hiyo hadi diski ukiitoa niuzie mimi, nahitaji pa kuwekea filamu.

FundiMakupa
Usimpe kabla hujaifuta yote, tena si kwa kufomati haraka haraka. Humo mna vitambulisho na PIN za KRA za nusu ya Kisauni.