Mrejesho: Chakula cha Kijapani cha nyumbani hapa Mwanza nimekipata

Wakuu nimerudi. Niliuliza wapi huku pembezoni mwa Mwanza mtu atapata chakula cha Kijapani cha nyumbani, siyo sushi, kile wanachokula wenyewe kila siku, maana nina mgeni kutoka Japani.

Mgahawa sijaupata. Ila kuna dada Buswelu aliwahi kupika kwenye nyumba ya Wajapani, anapika kwa oda, unamwambia jana yake. Alitupikia nikujaga, yaani nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na viazi, karoti, vitunguu, soya sosi na sukari, tamu sana aisee.

Sasa supu ya miso, yaani ya rojo zito la soya iliyochachushwa, ndo imenikosha. Msingi wake ni dashi, yaani mchuzi mwepesi wa kuanzia supu, wengi wanajua ile ya mwani wa kombu na katsuobushi (samaki mkavu aliyekatwa vyembamba sana), lakini Japani majumbani wanatumia pia niboshi, visamaki vidogo vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa hiyo huyu dada anachukua dagaa wetu wa soko la Mwaloni Kirumba, wale wa kichanja wasio na mchanga, anatoa vichwa na matumbo supu isiwe chungu, analoweka usiku kucha halafu moto mdogo. Mgeni alimaliza bakuli akaongeza!

Miso yenyewe analetewa kutoka Dar. Wali hapana, mchele wetu haushikani kama ule wao mfupi, hapo bado.

Jumapili hapiki, anaenda kanisani, kwa hiyo msimpigie siku hiyo.