Mada: Tumeoana juzi, tunahamia Dodoma. Jikoni tutaishije?

Kutoka: Kijana wa Wundanyi

Bwana asifiwe wote.

Tulifunga ndoa Agosti. Mimi Mdawida wa Wundanyi, milimani Taita, mke wangu ni wa Kaloleni, pwani, sote wa Kenya. Nimepata kazi Dodoma na tunahamia mwisho wa Novemba. Habari za kibali na mpaka zimejibiwa humu mara nyingi, nimezisoma. Ninachouliza ni swali ambalo mke wangu huniuliza kila jioni: huko tutakula nini? Yeye bila nazi hajui aanzie wapi, mimi bila sukuma wiki najiona sijala. Watu wametuambia Dodoma ni nchi ya vumbi na mawe. Tubebe vyakula? Pia tunatafuta kanisa, sote ni Waanglikana.

Asanteni.

---

Kutoka: Dada wa Nkuhungu

Kwawuka mdogo wangu, na pongezi kwako na kwa wifi. Mimi ni mtu wa Mgange, nimeolewa na Mgogo wa Mvumi, na huu ni mwaka wetu wa sita hapa Nkuhungu, Dodoma mjini. Nilikuja na mawazo hayohayo yako. Nilifunga sukuma kwenye gunia pale Taveta, nikavuka nazo mpaka wa Holili, na basi lilipofika Babati zilikuwa njano kama maua ya alizeti. Kwa hiyo jibu la kwanza: usibebe sukuma.

La pili ndilo kubwa, mengine yote yanatoka humo. Hapa mvua ni msimu mmoja. Kwetu mlimani kuna masika na kuna vuli, ukikosa huku unapata kule, ndiyo maana mtu wa Taita hajui kukausha mboga, hana haja. Dodoma mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na Aprili ikiisha nayo imekwisha. Mwaka mzima ni kama milimita 570. Toka Mei mpaka Novemba, anga ni buluu tu na upepo wa kuumiza macho. Jiko la hapa basi lina miezi michache ya majani mabichi na miezi mingi ya majani makavu, na mwenye akili hukausha mwezi wa tatu na wa nne. Nimeandika "mwenye akili", sijaandika "mke". Kwangu mimi huchuma na kuanika, mume hukaa uani na fimbo kuwafukuza mbuzi wa jirani. Ndiyo kazi yake ya Jumamosi na anaijua.

Sasa nyinyi mnafika mwisho wa Novemba, wakati akiba za msimu uliopita zinakwisha na mpya hata haijapandwa. Msiogope, sokoni vitu vipo. Huu ni mji wa serikali, na tangu watu wa wizara waanze kuhamia kwa wingi baada ya 2016, Majengo na Sabasaba utakuta hata vitu ambavyo Wundanyi hujaviona. Sukuma ipo, kabichi ipo. Ila ukiishi kwa kununua kila kitu kibichi Novemba, mshahara utaulizia njia ya kurudi Kenya.

Krismasi yetu ya kwanza niliwaalika ndugu wa mume kutoka Mvumi. Nilipika pilau, nikasukuma chapati arobaini, nikakaanga kuku wawili. Usiku wa kuamkia siku hiyo ikanyesha mvua kubwa ya kwanza. Walikuja, walisali na sisi, wakala wima wima, na saa nane mchana wote wakawa wameondoka. Nililia jikoni, nikidhani nimewaudhi. Mume wangu akaniambia, "Ardhi imelowa, kesho wanapanda." Siku hizi ikinyesha tarehe 24, chapati tunazipeleka sisi, na tunazilia shambani.

Halafu kuna Januari na Februari. Mashamba yamekuwa kijani, mtu wa nje akipita anasema neema, kumbe kijijini ndiyo miezi ya njaa, kwa sababu kijani hicho bado si chakula. Kwaresima huangukia humo au mara tu baada yake. Nyumbani nilizoea kufunga kwa kuacha nyama na sukari. Hapa nilikuta nafunga kwa hiari huku jirani yangu, mama wa watoto wanne, anafunga bila kuulizwa. Tulilizungumza na mume wangu usiku mmoja, tukakubaliana kwamba unga tunaouacha upimwe kwa kisado na uende kwa jumuiya, kikundi chetu cha sala cha mtaani, kila Jumatano, hata kama kisado hakijajaa. Sikuandikii ili usifu. Ungefika mwenyewe ukaona, nakutangulizia tu.

Lakini ni miezi hiyohiyo majani yanapojaa: mlenda pori, mchicha pori, majani ya maboga, majani ya kunde. Na hapa lazima nikueleze mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza, maana bila mlenda hujaingia nyumba ya Mgogo.

Mara ya kwanza niliupika peke yangu, mama mkwe akiwa sebuleni. Nimechambua, nimekatakata, nimeweka na bamia mbili, chumvi, magadi kidogo, nikafunika sufuria kama ninavyofunika kila kitu, nikaenda kumwamkia mgeni mlangoni. Nikasikia mlio kama wa mtu anayepuliza. Kurudi, povu la kijani limepanda, limesukuma kifuniko, limezima jiko la gesi na linatiririka mpaka sakafuni, linavutika kama uzi. Mama alikuja akasimama mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akachukua kifuniko, akakiweka juu kabisa ya kabati nisipofika. "Mlenda haufunikwi, mwanangu." Basi.

Ule mkavu ni rahisi zaidi, na ndio utakaokuta mkifika. Unauzwa umetwangwa, unga wa kijani cheusi, kwa vikombe. Chemsha maji, tia karanga zilizotwangwa, ziache ziive mpaka harufu ya ubichi iishe, tia chumvi. Ndipo unanyunyiza ule unga kidogo kidogo kwa vidole huku mkono mwingine unapekecha kwa upekecho. Ukimimina kwa pupa unapata mabonge, makavu ndani. Ukivuta kijiko ukaona uzi hauvunjiki, epua.

Kwa hiyo wifi wa Kaloleni, nazi yako hapa ni karanga. Nazi zinafika kutoka pwani, na tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma mwaka 2024 jamaa wa Dar wanatuletea hata samaki, lakini hicho ni kitoweo cha sikukuu. Karanga ndizo za kila siku: kwenye mlenda, kwenye majani ya maboga, kwenye kisamvu. Utaona tui lake linavyokuwa zito.

Ugali: sembe ipo, dona ipo. Mume wangu anataka ugali wa uwele, wa kijivujivu, mzito, na maziwa mgando. Uwele una mafuta mengi, ukisagwa ukakaa unachacha na kuwa mchungu ndani ya siku chache. Nilisaga debe zima kwa kujionyesha, nikaishia kulisha kuku wa jirani. Saga kisado kimoja kimoja. Na huo ugali ukipoa unakuwa tofali, jambo lililotuletea ugomvi wetu wa kwanza wa ndoa, kwa sababu bwana huyu huomba sala ndefu ya chakula, kwa Kigogo, akiwataja ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja (nakuza, lakini si sana). Tulipatana: sala kabla sijapakua. Amina yake ndiyo ishara yangu ya kugeuza sufuria.

Maneno ya sokoni, upesi. Pojo au ndengu huku ni choroko. Ukisema ndengu utapewa dengu, ambayo ni kitu kingine kabisa. Githeri ni makande. Dania ni giligilani. Na usimwambie mama muuza "nipe", sema "naomba". Wazee wote shikamoo, hata mlinzi, hata konda aliyekuzidi miaka mitano. Mimi mwezi mzima wa kwanza nilimsalimu mama mwenye nyumba "habari yako", na mwezi mzima hakunijibu.

Kanisa hamtakosa. Wamisionari wa CMS, Waanglikana wa Uingereza, waliofika kwetu Sagalla ndio waliofika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ipo tangu 1927, kwa hiyo Uanglikana hapa una mizizi. Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu liko mjini. Lakini ushauri wangu, sali karibu na unapoishi. Mjini utaabudu, mtaani utajulikana. Na msikose Sikukuu ya Mavuno katikati ya mwaka. Watu huleta mtama, uwele, maboga, kuku waliofungwa miguu, na baada ya ibada ni mnada hapo hapo nje. Mwaka jana nilinunua boga kwa bei ya aibu kwa sababu mume wangu na mzee wa kanisa walikuwa wanapandishiana. Kisha mzee akasema limrudie mjane fulani, nasi tukarudi nyumbani mikono mitupu tunacheka.

Nimeandika sana. Ah, na mtaa unaoitwa Kikuyu upo hapa Dodoma, msifurahi bure, si wale.

Dada wa Nkuhungu

---

Kutoka: Bibi wa Kongwa

Bwana asifiwe wanangu.

Dada wa Nkuhungu amesema vizuri, ila ameruka mambo kwa kuwa alikuwa na haraka ya kusimulia. Mlenda na kunde havikaushwi sawa. Mlenda unaanika mbichi. Majani ya kunde unayapitisha kwanza kwenye maji ya moto, unayakamua, ndipo unayaanika, la sivyo yanakuwa magumu kama karatasi. Vyote viwili kivulini penye upepo, si juani. Jua linakula rangi na ladha. Tandaza mkeka, funika kwa kipande cha chandarua safi, maana vumbi la hapa huingia hata kwenye yai.

Magadi: ncha ya kijiko. Wasichana wa siku hizi wanatia kama sabuni ili mlenda uvutike. Mzee wangu ana presha, mimi siku hizi sitii kabisa na bado anakula.

Mafuta chukueni ya alizeti ya kukamuliwa huku huku. Yakitoa povu kwenye kikaango msishtuke, hayakusafishwa kiwandani.

La mwisho ni kwa vijana. Zamu ya jumuiya kusali kwenu ikifika, pikeni chai, karanga za kuchemsha, na viazi vitamu kama ni msimu wake. Nimeona hapa Kongwa maharusi wakikopa ili jumuiya ile pilau, na wiki iliyofuata mwenye zamu akakopa zaidi ili asishindwe. Mchungaji wetu alilisema madhabahuni, watu wakaitikia amina, wakaendelea kukopa. Nyinyi wageni mna bahati, hakuna anayewadai desturi. Anzeni na chai.

Na muwe mnakula pamoja jioni, sahani moja kama mnaweza. Mume akichelewa kazini, mke asile amesimama jikoni. Hilo si la Biblia, ni langu.

---

Kutoka: Kijana wa Wundanyi

Bibi, Dada, Mungu awabariki. Mke wangu amesoma yote mara mbili, ile ya kifuniko ameisoma kwa sauti. Ameanza kufanya mazoezi ya shikamoo kwa baba yangu, na mzee anashangaa ni adabu ya wapi hii.

Ana maswali mawili. Zabibu za Dodoma tunazosikia ni za lini? Na je, abebe mbuzi yake ya kukunia nazi? Ni ya bibi yake, hataki kuiacha, lakini mmesema karanga.

---

Kutoka: Dada wa Nkuhungu

Zabibu huvunwa mara mbili, Februari mpaka Aprili na tena Agosti na Septemba. Mwanakwaya mwenzangu ana shamba Hombolo. Akimaliza kuvuna hupogoa mizabibu mpaka ibaki kama vijiti vilivyokufa, unamwonea huruma, na baada ya wiki chache imechipua yote. Tangu nishike mkasi nikamsaidia siku moja, Yohana 15, ile ya mzabibu na matawi, naisikia kwa mikono. Nitawapeleka.

Mbuzi abebe. Nazi za Krismasi zitaikuta, na siku nyingine ni kigoda kizuri cha kukalia mtu akichambua majani. Tena huyo atakuwa mbuzi pekee Nkuhungu asiyekula mlenda wa watu.

Nimewatengea kisado kimoja cha mlenda wa mwezi wa tatu. Niambieni basi lenu linaingia Nanenane saa ngapi, mume wangu aje awapokee.