Kihispania: nini huamua kati ya "salir", "sales" na "salgas"?

Mwanagenzi wa Tanga
Ndugu zangu, salamu. Naona kwamba "quiero salir" ni "nataka kutoka", na "quiero que salgas" ni "nataka utoke", jambo linaloweza kumfanya mtu adhani kuwa kila palipo na kiishio -e kwetu, Kihispania nacho hutumia hali tegemezi, yaani umbo kama "salgas". Hata hivyo, kanuni hiyo haielezi kwa nini "sidhani kama anakuja" huwa "no creo que venga", wala kwa nini "nasoma ili nijifunze" huwa "estudio para aprender". Je, mzungumzaji huamuaje?

Bi. Zuhura
Ndugu, anza kwa kuhesabu watendaji. Akiwa mmoja, Kihispania hupendelea kitenzijina, yaani umbo kama "salir", "kutoka" kwetu: "espero verte", "antes de salir", "para aprender". Hapo ndipo "ili" yetu inapopotosha, kwa sababu sisi husema "ili nijifunze" hata mtendaji akiwa yuleyule. Wakiwa wawili, huja "que", na ndipo unapojiuliza kama msemaji anatoa taarifa. "Creo que viene" inatoa taarifa, hata kama haina uhakika. "No creo que venga" inakataa kuitoa. Ukweli wa jambo si kipimo: katika "me alegra que estés aquí" uwepo wako ni dhahiri kabisa, lakini sentensi haikutungwa ili kuuarifu, bali kueleza furaha yangu juu yake.

Kitenzi "decir" kinaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko vyote, tena kwa namna tunayoifahamu: "dice que vienes" ni "anasema unakuja", ilhali "dice que vengas" ni "anasema uje".

Mkalimani
Naongezea "cuando". Mazoea ya kila siku huchukua hali ya taarifa, yaani umbo kama "sales": "cuando llego a casa, ceno". Tukio lisilotokea bado huchukua hali tegemezi, "cuando llegue a casa, cenaré". Ukiweza kutia "nitakapofika", basi ni "llegue". "Nikifika" haitakusaidia, kwa kuwa hubeba maana zote mbili.

Vivyo hivyo kwa kirejeshi. Anayesema "busco a la secretaria que habla suajili" anamtafuta mtu anayemjua, ambaye huenda ametoka kidogo tu ofisini. Anayesema "busco una secretaria que hable suajili" bado hajampata, na huenda hayupo. Tazama pia jinsi "a" inavyodondoka katika sentensi ya pili.

Bi. Zuhura
Nakubaliana na Mkalimani, na niwekee mpaka maelezo yangu ya awali. Vitenzi kama "permitir", "prohibir", "mandar" na "dejar" hukubali kitenzijina hata watendaji wakiwa wawili: "me permitió salir" ni sahihi sawa na "me permitió que saliera", na katika mazungumzo ya kawaida lile la kwanza ndilo jepesi. "Querer" haina ruhusa hiyo.

Mwanagenzi wa Tanga
Ahsanteni sana. Na "si", yaani "akija", hufuata njia ya "cuando"?

Mkalimani
La. Husemwa "si viene", kamwe si "si venga", ijapokuwa jambo ni la baadaye. Hali tegemezi hurudi pale tu unapofika kwenye -nge-: "si tuviera dinero, viajaría", yaani "ningekuwa na fedha, ningesafiri".