Bendera Nyekundu Siku ya Pili

Mama Pacha: Hamjambo jamani. Ufukweni bendera nyekundu ya kuzuia kuogelea bado inapepea, leo siku ya pili. Pacha wamenuna chumbani. Tunawaza tuwapeleke kwenye yale mabwawa ya ndani yenye mitelezo.

Shangazi: Yaani umesafiri kote huko kufuata bahari, ukaoge maji ya bomba chini ya paa? 😂

Baba Mdogo: Dada usicheke. Wajapani walijenga ufuko mzima ndani ya jengo kule Miyazaki, mawimbi ya mashine, na bahari yenyewe iko jirani tu. Ulifunguliwa 1993, ukafungwa 2007.

Shangazi: Si umeona? Ukafungwa.

Mama Pacha: Shangazi, kaa na hawa wawili chumbani masaa matatu tu, halafu tuongee.

Dada Mkubwa: Mdogo wangu, wapime urefu kabla hujalipa. Sisi tulilipa kwanza ndipo tukauona ule ubao: mtelezo mkubwa, sentimita 120. Wangu alikuwa na 117. Akajinyanyua kwa ncha za vidole, kijana wa pale akainama, akamgonga kisigino taratibu: “Shusha hiki.” Alilia mpaka kwenye gari.

Mama Pacha: 😩 Nakopa kamba ya kupimia mapokezi sasa hivi.

Dada Mkubwa: Na mkifungua mlango mkapokewa na harufu kali ya dawa, macho yakawasha, geuzeni. Si una mmoja mwenye pumu?

Baba Mdogo: Harufu si ndiyo usafi?

Dada Mkubwa: Hapana Ba'mdogo. Klorini, hiyo dawa ya maji, peke yake hainuki hivyo. Ikichanganyika na jasho na mikojo ndiyo inatoa ule mvuke. Nje unapeperushwa na upepo. Ndani, hewa isipozungushwa vizuri, unatuama juu ya maji, palepale watoto wanapovuta pumzi.

Bibi: Nimesoma mikojo au miwani imechoka?

Dada Mkubwa: Umesoma sawa Bibi 😂 Ndiyo maana wanatakiwa waende chooni na waoge kwa sabuni kabla ya kuingia.

Shangazi: Mimi sina neno tena.

Baba Mdogo: Wavishe maboya ya mikononi.

Dada Mkubwa: Yale ya kupuliza yanachomoka, ni ya kuchezea tu. Waombe jaketi za kuokolea. Na usijipe moyo kwamba utasikia kelele, anayezama huwa hapigi kelele, na mle ndani ni mwangwi mtupu. Kaa mkono wako uwafikie, simu iache kwenye kabati.

Mama Pacha: Sawa dada. Tunatoka.

*Jioni*

Mama Pacha: Tumerudi. Harufu haikuwepo sana, na ubao wamepita wote, mmoja kwa msaada wa nywele. Ila huku nje bendera ni ya njano, unaogelea kwa tahadhari, tangu saa nane mchana 🤦🏾‍♀️

Shangazi: Nilisema nini mimi!

Bibi: Chooni walienda kwanza?

Mama Pacha: Mmoja, Bibi.