Yule bwana wa skrepa kampa mwanangu hindi alilochomea kwenye moto wa waya!!!

Mama Wawili:

Wakuu, naandika huku natetemeka. Herufi zikiruka mnisamehe.

Wa huku Mbagala wote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa guta lenye spika, anayetuamsha alfajiri na "pasi mbovu, feni mbovu, betri mbovu, TV mbovu tunanunuaaa" mpaka waliolala makaburini wanageuka ubavu. Huyo huyo. Lile eneo la wazi chini ya mwembe kaligeuza jehanamu ya mtaa. Mwembe wenyewe upande wa moshi umekauka, upande wa pili bado unajikaza.

Leo saa tisa alasiri nimemtuma mwanangu chumvi dukani. Ana miaka sita. Duka liko hatua thelathini. Amekaa huko utadhani kaenda kuichimba baharini. Anarudi mdomo mweusi tii, meno meusi, anatafuna, hindi mkononi. "Mama, anko kanipa! Moto wake leo wa kijani!"

Wa kijani. Mnajua moto wa kijani ni nini? Ni kopa hiyo, shaba ya ndani ya waya. Mtu kakusanya waya za majumbani kwa watu, chaja, ekstensheni, matumbo ya redio, kaweka tairi juu, kawasha ili plastiki iishe abaki na kopa yake, halafu kwenye moto huo huo kaegesha mahindi. Mahindi! Na kampa mwanangu!

Nikalichukua lile hindi nikaligeuza. Upande mmoja limeungua linang'aa kama lami. Kati ya punje na punje kimenasa kiuzi cha kopa, kinametameta kama jino la dhahabu. Punje za kulia na kushoto zimeshaliwa. Mwanangu kala kuzunguka waya, kama mtu anayekwepa mwiba wa samaki.

Hata viatu sikuvaa. Nimefika pale na kanga, hindi mkononi, nikamwuliza: kaka, hiki nini? Akalitazama hindi, akanitazama mimi, akasema: "Dada, moshi ni moshi tu. Kwani wewe unapikia nini, si mkaa?"

Moshi ni moshi tu.

Wakuu, moshi huo nimeuvuta miaka mitatu. Nguo nyeupe ndani kwangu hakuna tena, shuka ukianika asubuhi jioni unaanua zulia. Ganda la waya ni plastiki yenye klorini. Ikiungua kwa moto wa hovyo kama ule inatoa gesi ya asidi, ndiyo ile inayokukwangua koo, na inatoa sumu inaitwa dioksini. Dioksini haiondoki kwa kupepewa. Inatua chini, kuku anadonoa, inaingia kwenye mafuta ya yai, yai unampikia mtoto. Mkaa wangu una chaja ndani yake? Una waya wa pasi?

Na zile TV za chogo, za zamani zenye mgongo mnene! Anazipiga nyundo shingoni apate koili, kioo anakiacha pale pale. Kioo kile kina risasi, tena ya kupima kwa kilo. Watoto wa mtaa mzima wanaokota vipande wanachezea duka, hiki hela, hiki sahani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Hakuna! Inakula akili ya mtoto kimya kimya, huoni kidonda, huoni homa, unaona tu darasani haelewi.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kaniambia nivumilie, kijana anajitafutia. Kanuni za taka za kielektroniki zipo tangu 2021, anayekusanya na kubomoa vitu hivi anatakiwa awe na kibali. Kibali cha huyu ni spika.

Lakini leo hata kanuni sizitaki. Nataka mtu mmoja anieleze, binadamu gani anaona moto wa kijani anawaza mahindi? Halafu anakwambia moshi ni moshi tu? Hindi ninalo hapa kwenye rambo, sijalitupa.

Kobe Mzee:
Wa kwanza. Picha ya hindi iko wapi? Bila picha hii ni chai.

Mama Wawili:
Mtoto kameza masizi ya waya, wewe unataka picha?

Kobe Mzee:
Ndiyo. Na kiuzi kionekane.

Shemeji wa Taifa:
Mtoto wa miaka sita unamtuma dukani peke yake, akipewa hindi njiani unalia humu. Mlee mwanao.

Bi Tatu:
@Shemeji wa Taifa wewe ulitumwa kuanzia miaka mingapi? Sisi wote tumekulia kutumwa chumvi. Tatizo ni hindi, usihamishe magoli. Mleta uzi pole sana mama. Huyo bwana hata sisi wa bondeni tunamjua, mvua ikinyesha maji ya pale kwake yanashuka meusi yana rangi rangi juu kama mafuta.

Dogo Chaja:
Mtoto kapigwa risasi???

Bi Tatu:
Risasi madini, wewe. Ile ya kwenye betri za gari. Soma uzi.

Dogo Chaja:
Aaah. Nilishapanda bodaboda kuja.

Kisauni Damu:
Mimi niko Mombasa, dada usilichukulie hili kwa wepesi hata kidogo. Hapa kwetu mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri mbovu. Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi hapo, mwanawe mchanga akaugua, kupimwa ni risasi, na ilimfikia kupitia maziwa ya mamake. Alipigana hadi kiwanda kikafungwa 2014, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015. Korti ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Korti ya Rufaa ikatengua, Korti ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu miaka hiyo. Watoto wa wakati ule ni watu wazima saa hii. Mpeleke akapimwe damu, umwambie daktari wazi wazi ni risasi unayotaka ipimwe, maana bila kutaja hawaipimi.

Mama Wawili:
Asante kaka wa Mombasa. Jumatatu asubuhi naenda. Nimemsugua ulimi kwa kitambaa mara nne, bado mweusi. Analia anasema hindi lilikuwa tamu.

Mzee wa Mizani:
Mimi nipo kwenye skrepa mwaka wa kumi na moja. Skrepa imenijengea, imesomesha wadogo zangu wawili, kwa hiyo mtutukane taratibu. Bila sisi hizo friji zenu zingekuwa mtaroni zote. Ila niseme ukweli, anayechoma waya ni mvivu. Kopa iliyoungua inashuka daraja kwenye mizani, iliyomenywa safi ndiyo ina bei. Waya mnene unamenya kwa kisu, unakaa kivulini na redio yako. Shida ni huu mwembamba wa chaja, unamenya siku nzima mfuko haujai, ndipo watu wanapowasha kiberiti. Mashine ya kumenya ipo, ni hela tu ya kuinunua. Mahindi hapana. Hapo mwenzetu kakosea.

Mama Wawili:
"Kakosea"? Kakosea ni kukanyaga mtu mguu kwenye daladala! Huyu KANIJIBU moshi ni moshi tu!

Mpemba Asiyelala:
Kopa nyekundu kilo bei gani siku hizi?

Mzee wa Mizani:
Njoo inboksi.

Shemeji wa Taifa:
Ndo maana nasema humu hakuna mwenye uchungu. Mama analia, watu wanaulizana bei.

Kobe Mzee:
Picha.

Fundi Baridi:
Mnaongelea waya, mimi nina kilio kikubwa zaidi. Kuna fundi friji hapa Temeke, mnamjua, mwenye gereji ya bati jekundu. Friji la zamani likija anakata paipu kwa koleo, pssss, gesi yote angani, halafu anacheka. Yale ya miaka ya themanini yana gesi inayokula tabaka la ozoni! Nimemfundisha kazi mimi. Gesi unaivuta kwenye mtungi kwa mashine, sio kukata. Na wateja wangu kawachukua wote.

Bi Tatu:
Sema unalilia wateja, sio ozoni.

Fundi Baridi:
Vyote viwili.

Uncle Antena:
Hizi TV za chogo chanzo chake mnakijua? Matangazo ya TV ya analojia, yale ya zamani, yalipozimwa hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012, watu wakadhani chogo limekufa, wakatupa. Kumbe king'amuzi tu kilitosha! Mimi la kwangu la nchi 21 naangalizia mpira mpaka leo. Flati ya jirani imekufa mara tatu.

Dogo Chaja:
Flati za siku hizi karatasi. Ya kwangu mtoto kaigusa na kijiko, kwaheri. Fundi kanambia kioo bei yake bora ununue nyingine. Sasa hiyo mbovu naipeleka wapi?

Mpemba Asiyelala:
Rwanda wana kiwanda kule Bugesera, kazi yake kubomoa kompyuta na friji mbovu kitaalamu. Sisi tuna mwembe.

Shemeji wa Taifa:
Rwanda imeingiaje? Rwanda yote inaingia Mbagala.

Uncle Antena:
Haingii hata nusu. Jifunze jiografia.

Shemeji wa Taifa:
Wewe mwenye chogo unanifundisha jiografia?

Mama Wawili:
Wakuu naomba turudi kwenye hindi. Amewasha tena sasa hivi, nimefunga madirisha, tunapikika humu ndani.

Fundi Baridi:
Kuna mwenye kompresa ya friji la milango miwili? Mteja ananisumbua. Ya mtumba, iwe inasukuma vizuri.

Mzee wa Mizani:
Kwangu zimeisha. Mwone yule wa Mbagala wa kwenye uzi huu, juzi kashusha friji kama sita.

Fundi Baridi:
Yule wa mahindi? Leo yupo?

Bi Tatu:
Yupo. Moshi nauona kutoka huku bondeni.