Kikundi cha ukoo, Dodoma: Elia na saa za jikoni

Elia: Shikamooni wazee wangu. Kabla sijajaza fomu ninaomba ushauri wenu. Ninatamani kuvunja rekodi ya dunia ya kupika mfululizo, ile iliyompa sifa Hilda Baci wa Nigeria alipopika jijini Lagos mwezi Mei 2023.

Mjomba Daudi: Marahaba, mpwa wangu. Ugumu wa jambo hili uko kwenye saa kuliko kwenye moto. Binti yule alikusudia kufikisha saa 100, lakini wahakiki walimwandikia saa 93 na dakika 11, kwa sababu kanuni humruhusu mpishi kupumzika dakika 5 tu kwa kila saa aliyoimaliza, naye kwa bahati mbaya alizidisha mapumziko mapema. Karibu saa saba za jasho lake zikakatwa. Niliposoma habari hiyo nilimhurumia mno. Kabla mwaka haujaisha akapitwa na Alan Fisher, mpishi wa Ireland aliyeko Japani, kwa saa 119 na dakika 57.

Elia: Nisipozitumia dakika hizo, je, zinapotea?

Mjomba Daudi: Hazipotei, unaweza kuzilimbikiza ukapata usingizi mfupi.

Shangazi Mariamu: Mwanangu, tulipomzika bibi yenu kule Kongwa nilikaa mekoni siku mbili, nikiwasongea ugali watu wote wa matanga. Alfajiri ya siku ya tatu miguu ilikuwa imevimba hata kandambili hazikuingia, na vidole vya mkono wa kulia vimekunjika kana kwamba bado vimeushika mwiko. Nami nilikuwa nikipokezana na wenzangu.

Mjomba Daudi: Sikiliza hilo, Elia. Kusaka rekodi huweza kuumiza mwili: Shridhar Chillal wa Pune, India, mwenye rekodi ya dunia ya kucha ndefu za mkono mmoja, alifuga kucha za mkono wa kushoto tangu 1952 hadi 2018, zikafika jumla ya sentimita 909.6. Usiku aliamka kila baada ya nusu saa hivi kuuhamisha mkono kitandani, na hata baada ya kucha kukatwa, mkono ule ulibaki na ulemavu. Nenda kwanza ukapimwe shinikizo la damu.

Elia: Nitakwenda Jumatatu. Jumamosi ninaomba nijaribu saa 12 nyumbani kwa shangazi.

Shangazi Mariamu: Karibu. Nitakaa na daftari niandike kila unapoketi na kila unapoinuka. Njoo na mkaa wa kutosha, na mchele uuchambue usiku.