Kijivu kinageuka kijani dirishani: nibadilishe wino au printa?

Nyegezi_A4
Wakuu, natumia Epson L805, wino wa 673, karatasi ya kung'aa ya gramu 200. Picha nyeusi na nyeupe za mwamba wa Bismarck hapa Mwanza na dagaa walioanikwa zinatoka na kijivu safi chini ya taa ya usiku. Mchana dirishani zinavuta kijani. Nalenga A4, baadaye A3. Nibadilishe wino tu, au mashine yenyewe?

Fundi_Kirumba
Mashine, mkuu. L805 ina nyeusi moja. Chupa tano zilizobaki ni sayani, majenta, njano, na sayani na majenta hafifu. Kijivu kinapikwa kwa kuchanganya hizo, na mchanganyiko huo unabadilika kila mwanga unapobadilika. Ukipunguza kijani kwenye programu, dirishani itatulia, usiku itageuka waridi.

Tafuta printa yenye kijivu chake. Ya matangi ni Epson L8180: inafika A3+ (kubwa kidogo kuliko A3), ina kijivu na nyeusi ya picha. Wino wake wa picha ni wa rangi iliyoyeyushwa (dai), unazama kwenye karatasi kama rangi kwenye ukili, na jua linaupausha. Ukiwa unauza picha, afadhali Epson SC-P700: kijivu mbili, wino wote pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka), na ina mpangilio wake maalumu wa nyeusi na nyeupe. Katriji zake ni ml 25 tu, kwa hiyo ulizia bei ya wino kabla ya bei ya printa.

Capripoint
Usisahau karatasi. Nyeusi ya mati, yaani ya karatasi isiyong'aa, ukiichapa kwenye karatasi ya kung'aa haishiki, kidole kinaifuta. Nyeusi ya picha kwenye karatasi ya mati inatoka imepauka kama mkaa uliopata majivu. Printa huchagua nyeusi kwa kufuata aina ya karatasi unayoiandikia kwenye kompyuta, basi usiweke aina yoyote tu.

Na huku ziwani kuna unyevu: toa karatasi unazochapa, nyingine zibaki kwenye mfuko uliofungwa. Iliyokunjika pembe inagusa kichwa cha kuchapia na kupakwa wino. Picha ikae saa 24 kabla ya fremu, la sivyo kioo kitashika ukungu kwa ndani.

Fundi_Kirumba
Zima kwa kitufe cha printa kwanza, kichwa kirudi kwenye kifuniko chake, ndipo uzime swichi ya ukutani. Umeme ukikatika katikati ya kazi kichwa kinabaki wazi na wino unakauka kwenye matundu; UPS ndogo (betri ya akiba) inatosha. Chapa jaribio la matundu kila wiki. Mistari ikikatika, safisha mara 2, ipumzishe saa kadhaa, kisha rudia. Kusafisha mfululizo kunamaliza wino na kujaza sponji ya wino taka.

Nyegezi_A4
Asante sana wakuu. Dukani naipimaje?

Capripoint
Nenda na faili la ngazi 21, kutoka nyeupe hadi nyeusi, bila rangi yoyote, na karatasi yako mwenyewe. Chapa, itazame chini ya taa ya duka, kisha toka nayo nje kivulini. Macho yako yawe kwenye ngazi za katikati. Zikigeuka kijani au waridi, usitoe hela.